Achieng Oneko: Aliyeshinda rufani akabaki kizuizini

KATI ya watu sita waliohukumiwa Kapenguria mnamo Aprili 8, 1953, ni mmoja tu aliyefutiwa hatia na mahakama ya juu. Huyo ndiye ambaye hakupewa siku ya kutoka.

Marehemu Ramogi Achieng Oneko, mzaliwa wa Uyoma kando ya Ziwa Victoria, alikaa kizuizini miaka tisa chini ya serikali ya Mwingereza, na miaka sita mingine chini ya serikali ya mtu aliyefungwa pamoja naye, Mzee Jomo Kenyatta. Jumla ni miaka 15. Katika muda huo wote, hukumu pekee aliyowahi kuibeba ilidumu miezi tisa, kisha ikafutwa.

Jina lake husomwa kila Oktoba 20, Sikukuu ya Mashujaa, pamoja na ya wenzake watano wa Kapenguria, kana kwamba yaliyowapata yalikuwa mamoja. Hayakuwa mamoja.

Tofauti yake na wenzake inagusa swali ambalo bado linawasumbua mahakimu, maofisa wa magereza na jamaa za wafungwa: je, ni lazima mfungwa akiri kosa ndipo afikiriwe kuachiliwa mapema? Na asiye na la kukiri atoke kwa mlango upi?

Oneko alizaliwa mwaka 1920 katika kijiji cha Tieng'a, Uyoma, ile rasi iliyoingia ziwani upande wa kusini wa nchi ya Siaya. Alisomea Maseno, shule iliyowapa Nyanza na Kenya nzima viongozi wengi wa kizazi chake.

Katika miaka ya arobaini alijitosa katika uandishi wa habari. Alikuwa mhariri wa Ramogi, gazeti la Kijaluo lililopata mtambo wa uchapishaji kupitia LUTATCO, shirika la biashara ambalo Jaramogi Oginga Odinga alilianzisha mwaka 1947 ili kuwakusanyia Wajaluo mtaji. Gazeti lilipewa jina la babu wa jamii, ambaye masimulizi yanasema alitua Got Ramogi, kilima kilichoko Yimbo karibu na ziwa. Jina hilo likamganda mhariri wake hadi kaburini.

Kutoka kwenye uandishi alihamia kwenye siasa za kitaifa. Alijiunga na chama cha Kenya African Union, KAU, na kupanda hadi safu ya juu ya uongozi. Mwaka 1951 chama kilimtuma Ulaya pamoja na Mbiyu Koinange kupeleka malalamiko ya Waafrika kuhusu ardhi. Koinange alibaki Uingereza. Oneko alirejea nyumbani, na kurejea huko ndiko kulikomgharimu.

Usiku wa Oktoba 20, 1952, Gavana Evelyn Baring alitia saini tangazo la hali ya hatari. Kabla ya mapambazuko polisi walikuwa wamewazoa viongozi wa KAU. Oneko alikuwa miongoni mwao, pamoja na Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei na Kung'u Karumba.

Walipelekwa Kapenguria, mji mdogo wa mbali usio na reli wala hoteli, wakashtakiwa kwa kuiongoza Mau Mau. Aliyesikiliza kesi ni Ransley Thacker, jaji mstaafu aliyeteuliwa kuwa hakimu kwa kazi hiyo. Upande wa utetezi uliongozwa na D. N. Pritt kutoka London, akisaidiwa na mawakili wa Kenya, India, Nigeria na Jamaika. Wanahistoria wameonyesha baadaye kwamba Thacker alilipwa paundi 20,000 kwa mpango wa gavana. Kwa fedha za wakati ule, kiasi hicho kilitosha mtu kuhama nchi na kuishi raha mustarehe, na Thacker hakukawia kuondoka.

Mashtaka yenyewe yalikuwa na kasoro iliyomhusu Oneko peke yake. Serikali iliieleza Mau Mau kuwa harakati ya Wakikuyu, yenye viapo vya Wakikuyu. Mshtakiwa huyu alikuwa Mjaluo wa Uyoma. Kumfunga kulihitaji mahakama iamini kwamba alikuwa kiongozi wa jambo ambalo serikali hiyohiyo ilisema ni la kabila jingine.

Thacker aliamini. Wote sita walipewa kifungo cha miaka saba na kazi ngumu, wakasafirishwa hadi Lokitaung katika jangwa la Turkana.

Rufani zilipanda na kushuka. Julai 1953 Mahakama Kuu ya koloni iliibatilisha kesi nzima kwa sababu Thacker hakuwa na mamlaka ya kuisikilizia pale alipoisikilizia. Miezi miwili baadaye Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ikaurudisha mwenendo huo. Ndipo Januari 1954 Mahakama Kuu ilipochunguza ushahidi wenyewe. Rufani za watano zikatupwa. Ya Oneko ikakubaliwa.

Mtu wa kawaida angetarajia kwamba siku ile angefunguliwa pingu, apewe nauli na kurudi Uyoma. Haikuwa hivyo. Kanuni za hali ya hatari zilimpa gavana uwezo wa kumzuia mtu yeyote bila mashtaka, na amri ya kumzuia Oneko ilitolewa mara moja. Alitoka katika orodha ya wafungwa akaingizwa katika orodha ya wanaozuiliwa.

Msomaji asidhani kwamba tofauti hiyo ni ya makaratasi tu. Aliyehukumiwa ana tarehe. Hata akiwa Lokitaung, hata akivunja mawe kwenye jua kali, anajua kwamba miaka saba ina mwisho, na kwamba sheria ya magereza humpunguzia siku akifanya kazi na kuwa na mwenendo mwema. Haulizwi kama amekubali kosa. Kenyatta hakukubali kosa hata siku moja, na bado kifungo chake kilihesabiwa kuwa kimekwisha Aprili 1959, kabla ya miaka saba kutimia. Kwamba serikali iliendelea kumwekea mipaka Lodwar na kisha Maralal ni uonevu mwingine. Lakini kifungo chenyewe kilikuwa na mwisho uliojulikana.

Aliyezuiliwa hakuwa na tarehe. Alikuwa na sharti.

Sharti hilo lilikuwa kukiri. Katika kambi za miaka ya hamsini, watu walipangwa kwa rangi. Weupe walikuwa wa kuachiliwa, wa kijivu walikuwa wa kurekebishwa, weusi walikuwa sugu. Maofisa waliuita utaratibu mzima bomba: mtu aliingizwa upande mmoja akiwa mweusi, akatarajiwa kutokea upande wa pili, karibu na kijiji chake, akiwa mweupe. Kilichomsogeza mtu ndani ya bomba hilo ni kukiri kiapo mbele ya kikosi cha mchujo, kutaja aliokula nao, na kukubali kufanya kazi za kambi. Mwishoni mwa mwaka 1954 zaidi ya watu 70,000 walikuwa kizuizini kwa hesabu ya serikali yenyewe.

Ni haki kusema kwamba wazo hilo halikuanza kama ukatili mtupu. Thomas Askwith, ofisa aliyekabidhiwa kazi ya urekebishaji, alikwenda Malaya kuona jinsi Waingereza walivyowashughulikia wafungwa wa vita vya huko, akarudi na mipango ya masomo, ufundi na michezo. Palikuwa pia na wajane na mayatima waliotaka kusikia waliowaua jamaa zao wakikubali walichotenda. Waliochomewa nyumba Lari mnamo Machi 1953 hawakuwa watu wa kubuniwa. Kukiri kwa hiari kunaweza kumponya aliyekosa na aliyekosewa.

Hata hivyo, palipowekwa kukiri kuwa bei ya mlango, hiari ilitoweka. Wako waliokiri viapo ambavyo hawakula. Wako waliotaja majina ya majirani ili wapate karatasi ya kupandia lori la kurudi nyumbani, na majirani hao wakakamatwa kwa neno hilo. J. M. Kariuki, aliyepitia kambi nyingi kati ya 1953 na 1960, aliyaeleza mambo hayo katika kitabu alichokichapisha mwaka wa uhuru. Mchujo haukumtenga mkweli na mwongo. Ulimtenga aliyechoka na asiyechoka.

Waliokataa walihitaji pa kuwekwa, na hapa ziwa letu linaingia katika kisa. Serikali ilichagua visiwa. Mageta, kisiwa ambacho leo wavuvi na wachuuzi hukifikia kwa mashua kutoka Usenge, kiligeuzwa kuwa kambi ya sugu. Saiyusi nacho kikawa hivyo, na ndiko J. M. Kariuki alikoletwa. Mtu wa Nyeri au Murang'a, ambaye hajui kuogelea, hakuhitaji kuzungushiwa ukuta mrefu. Maji yalitosha.

Oneko, mwana wa ziwa hilohilo, hakuletwa karibu na kwao. Alipelekwa mwisho mwingine wa nchi, kisiwa cha Manda mkabala na Lamu, kambi iliyotengewa watu walioonekana kuwa vichwa vya siasa. Huko alikutana na Pio Gama Pinto, Mgoa wa Nairobi, mwandishi wa habari kama yeye, aliyekamatwa Juni 1954. Urafiki wao ulidumu hadi Pinto alipouawa kwa risasi Februari 1965.

Watu hawa wawili waliuumbua utaratibu wa kukiri kwa kuwapo kwao tu. Mmoja Mjaluo, mwingine mwenye asili ya Goa, wamewekwa katika mfumo uliotungwa kuwatapisha Wakikuyu, Waembu na Wameru kiapo. Kikosi cha mchujo kingewauliza nini? Shida ya Oneko ilikuwa kubwa zaidi, kwa kuwa mahakama ya Malkia ilikuwa imeshatamka kwamba ushahidi haukumtia hatiani. Angekiri, angekuwa anawakanusha majaji waliomsafisha. Kwa kutokukiri, alikuwa anahesabiwa miongoni mwa wasiorekebika. Haki yake mahakamani ikawa ndiyo kosa lake kambini.

Muda ulivyosonga, sharti lilizidi kuwa la mabavu. Kuanzia 1957, katika kambi za Mwea, wapya walipokelewa kwa vipigo vilivyokusudiwa kuwafanya watii siku ileile ya kwanza. Mpango huo ulipopelekwa Hola, Machi 3, 1959, watu 85 walitolewa nje kufanya kazi kwa nguvu. Wafungwa 11 waliuawa kwa kupigwa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilidai kwamba vifo vilitokana na maji waliyokunywa.

Uongo huo ulipofichuka, Bunge la Uingereza liliwaka moto, na kambi zikaanza kufungwa. Waliokuwa wameambiwa kwa miaka sita kwamba hawatatoka bila kukiri, wakatoka bila kukiri. Hali ya hatari iliondolewa Januari 1960. Sharti lililoitwa la lazima kwa usalama wa nchi lilikufa siku siasa ilipolichoka, na nchi haikuporomoka.

Oneko alitoka mwaka 1961, mwaka uleule Kenyatta aliporudishwa Gatundu.

Aliyofanya baada ya hapo yanajulikana zaidi. Alikuwa katibu wa kibinafsi wa Kenyatta. Katika uchaguzi wa Mei 1963 alishinda kiti cha Nakuru Mjini, mbali na kwao, akachaguliwa na watu wa makabila mbalimbali. Akateuliwa Waziri wa Habari, Utangazaji na Utalii. Ni wakati wake, Julai 1964, ambapo shirika la utangazaji lilitwaliwa na serikali na kuitwa Sauti ya Kenya. Wapo wanaomlaumu kwa hilo, kwa kuwa redio iliyokuja kumtukana yeye na wenzake ni ileile aliyoiweka mikononi mwa serikali. Lawama hiyo ina uzito wake.

Mzozo wa mrengo wa Jaramogi na ule wa Tom Mboya ulipoikata KANU vipande viwili mwaka 1966, Oneko aliacha uwaziri na kumfuata Jaramogi katika Kenya People's Union, KPU. Wabunge waliohama walilazimishwa kurudi kwa wapigakura, na Nakuru ilimkataa. Mwaka huohuo Bunge liliipa serikali upya uwezo wa kuwazuia watu bila kuwashtaki. Bendera ilikuwa mpya, lakini uwezo ulikuwa uleule uliomfikisha Manda.

Kisha ikaja Kisumu, Oktoba 25, 1969. Mboya alikuwa ameuawa Nairobi Julai 5, na Nyanza ilikuwa bado imefura kwa hasira. Kenyatta alifika kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti, ambayo wenyeji wameiita Russia tangu hapo na ambayo sasa inabeba jina la Jaramogi. Rais na Jaramogi walirushiana maneno makali hadharani. Umati ukazomea, mawe yakarushwa, walinzi wa rais wakafyatua risasi. Serikali ilitaja vifo 11. Watu wa Kisumu wameikataa hesabu hiyo hadi leo na kusema waliokufa walikuwa wengi zaidi, wakiwamo watoto wa shule waliopangwa kandokando ya barabara.

Siku chache baadaye viongozi wa KPU walikuwa kizuizini na chama kimepigwa marufuku. Oneko alikuwa mmoja wao. Amri ilitoka katika serikali ya mtu ambaye miaka 17 kabla ya hapo alikamatwa naye usiku mmoja, akasimama naye kizimbani na kulala naye kwenye mchanga wa Lokitaung.

Safari hii hapakuwa hata na kesi ya kushinda. Sheria ilitaka aliyezuiliwa apewe sababu kwa maandishi na faili lake lipitiwe na jopo kila baada ya miezi sita. Jopo liliweza kupendekeza tu, na serikali haikulazimika kulitii. Ukiyatazama hayo kwa jicho la mfungwa, jopo linalokutana kila miezi sita na kuondoka bila kukupa tarehe ni mchujo mwingine.

Rangi tatu za mkoloni hazikuwapo tena. Badala yake palikuwa na siasa, na kila mmoja alisoma ishara alivyoweza. Kaggia, mwenzake wa Kapenguria, alikuwa amekwisha kurudi KANU mwaka huohuo wa 1969, baada ya kuonja jela. Jaramogi aliachiliwa Machi 1971, na mwaka huo akarejea KANU. Oneko alibaki hadi mwaka 1975. Wasonga Sijeyo, aliyekuwa mbunge wa Gem, alibaki zaidi ya wote. Mwandishi Ngugi wa Thiong'o alimkuta Kamiti, na akatoka Desemba 1978, Rais Daniel arap Moi alipowafungulia wote waliozuiliwa. Hakuna kipimo chochote cha kisheria kinachoeleza kwa nini mmoja alitoka baada ya mwaka mmoja na nusu, mwingine baada ya miaka sita na mwingine baada ya tisa.

Kizuizi bila mashtaka kiliondolewa katika sheria za Kenya mwaka 1997, wakati wa mageuzi yaliyotangulia uchaguzi wa mwaka huo. Hivyo msomaji wa leo anaweza kusema kwamba kisa cha Oneko ni cha makumbusho. Swali la kukiri lingali hai, ingawa limehamia kwa wafungwa wa kawaida.

Chukua mtu aliyefungwa miaka tisa katika gereza la Kodiaga, Kisumu. Sheria ya Magereza, katika kifungu cha 46, inampa nafasi ya kupunguziwa theluthi moja kwa bidii na mwenendo mwema, isipokuwa makosa machache yaliyotengwa. Haimtaki akiri. Anaweza kusema kila asubuhi kwamba alisingiziwa, akafagia ua wake, akajifunza useremala na kutoka baada ya miaka sita. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hapo sheria yetu imetenda busara kuliko inavyosifiwa, kwa kuwa inapima kinachoonekana.

Mambo hubadilika kwa wale wa vifungo vizito. Mahakama ya Juu, katika uamuzi wa Muruatetu wa Desemba 2017 ulioondoa ulazima wa adhabu ya kifo kwa mauaji, iliorodhesha mambo ya kuangaliwa mfungwa anapohukumiwa upya. Miongoni mwake ni iwapo alikubali kosa, na iwapo anajuta. Nao msamaha wa rais, chini ya kifungu cha 133 cha Katiba ya 2010, hupitia kamati ya ushauri ambayo inaweza kusikiliza maoni ya waliokosewa. Hayo yote yana maana. Mjane ana haki ya kusikilizwa. Lakini mtu aliyefungwa kimakosa atajutia nini mbele ya kamati? Akisema hakufanya, anaonekana mkaidi. Akisema alifanya, anaifungia milango rufani yake mwenyewe.

Wala si Kenya pekee. Nchini Uingereza, ambako wabunifu wa lile bomba walitoka, Andrew Malkinson alihukumiwa mwaka 2004 kwa ubakaji uliotendwa eneo la Manchester. Angeweza kufikiriwa kuachiliwa baada ya miaka sita na nusu. Alishikilia kwamba hakutenda, akakaa miaka 17, akatoka Desemba 2020. Julai 2023 vipimo vya DNA vilimwondolea hatia mahakamani. Sheria ya huko haisemi kwamba anayekana kosa asiachiliwe. Ila masomo ya urekebishaji, ambayo bodi huyatazama, kwa muda mrefu yaliwataka wanaoyahudhuria wazungumzie kosa lao kama walilolitenda.

Ukiyasoma hayo ukiwa umetoka kusoma habari za Manda, huhitaji kuelezwa zaidi.

Baada ya 1975 Oneko aliishi kimya kwa muda mrefu. Vyama vingi viliporudi alikuwa na umri wa miaka 72, na katika uchaguzi wa 1992 watu wa Rarieda walimpeleka Bungeni kwa tiketi ya FORD-Kenya. Alirudi katika jengo aliloliacha mwaka 1966 akiwa mzee mwenye mvi, miongoni mwa wabunge ambao baadhi yao walikuwa hawajazaliwa alipokamatwa mara ya kwanza. Muhula wake ulikwisha mwaka 1997 na hakurudi.

Wenzake wa Kapenguria walimtangulia mmoja mmoja. Karumba alitoweka Uganda mwaka 1974. Kenyatta alifariki 1978, Kubai 1996, Ngei 2004, Kaggia 2005. Oneko alifariki Juni 9, 2007, nyumbani kwake Kunya, Rarieda, akiwa na umri wa miaka 87.

Miaka sita baadaye, Juni 2013, serikali ya Uingereza ilikiri Bungeni mjini London kwamba Wakenya waliteswa katika kambi za hali ya hatari, ikaeleza masikitiko yake na kukubali kuwalipa walalamishi 5,228 jumla ya paundi milioni 19.9.